Mzigo wa Mama Pacha

Pale ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi, mlango wa nyuma karibu na gereji, kuna mizani ya chuma, na nyuma ya mizani kuna kiti, na kwenye kiti hicho, kwa muda ambao wenzake wamezaa na kusomesha, ameketi bwana mmoja mpana wa mabega na mwembamba wa miguu. Wapagazi wanamwita Mzee wa Mizani, ingawa umri wa uzee bado kidogo. Mteja akileta furushi, yeye huliinua kwa mkono mmoja mara moja tu, akataja uzito, ndipo mizani inakuja nyuma yake kuthibitisha. Hakosei. Wapo waliojaribu kumkamata, wakaishia kumnunulia chai.

Hakuanza kwenye kiti. Alianza uwanjani, mpagazi miongoni mwa wapagazi, na tuseme haki ya Mungu, alikuwa dume. Majokofu, magunia, injini za pikipiki, vyote vilipanda juu ya basi kwa mgongo wake. Mpaka siku mgongo wenyewe ulipogoma, katikati ya ngazi, jokofu likiwa juu yake. Akalala kwa dada yake mkubwa, dada akimlisha kwa mkono mmoja na kumkaripia kwa mwingine, na aliporudi kazini akapewa kiti. Tangu hapo hajainua kitu kizito zaidi ya muda wa kutaja kilo zake. Wapagazi wa zamani wanajua. Wapya hawajui, naye hajaona sababu ya kuwaambia. Mtu aliyekuwa na nguvu zikamtoka huona haya kama aliyekutwa na kitu cha wizi, na hakuna awezaye kumweleza kwamba hakuiba.

Sasa, kuna huyu kinyozi. Saluni yake iko mtaa wa nyuma ya stendi, viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, na mdomo wake haufungwi hata wembe ukiwa shingoni mwa mteja. Ndiye aliyemwambia Mzee wa Mizani kwamba ana wenzake wa kutembea: wanatia vitu mabegani, wanapanda mlima Jumamosi, wanalala juu, wanashuka Jumapili. Si watu wa makuu, alisema, ni watu waliochoka kuangalia kuta. Jumamosi hii wanaenda tena, na mtu kama yeye ndiye hasa wanayemtaka, mtu aliyebeba majokofu. Kwa maana bwana wetu, akiwa na povu kidevuni, alikuwa amesimulia habari za majokofu kwa namna ambayo ungedhani ni za juma lililopita.

Angeweza kukataa. Lakini tuziangalie Jumamosi zake kwanza. Anakaa chumba kimoja. Asubuhi anafua mashati yake, na jua likipanda mashati yapo kambani, na baada ya hapo hakuna kitu mpaka Jumatatu. Dada yake alikuwa ameshamwambia kwamba atakufa kwenye kile kiti, wamweke kwenye mizani, wamkatie risiti. Alicheka, lakini lilimwingia. Alitaka watu. Alitaka mtu amwite kwa jina la utani akiwa nje ya kazi, amwulize mbona juzi hakuonekana. Akakubali, akajipiga kifua mbele ya kioo chenye ufa, na kinyozi akamwazima begi.

Walikuwa wanne. Gari lilikuwa la Mwalimu, mama mrefu anayefundisha udereva, na juu ya paa lake bado kulikuwa na kile kibao cha kuonya watu kwamba dereva ni mwanafunzi. Mwalimu ndiye kiongozi wao, na hata akitembea kwa miguu, mwenzake akiteleza, mguu wake wa kulia hukanyaga breki. Wa nne alikuwa mgeni kama Mzee wa Mizani: fundi wa mapazia, mwanamke wa makamo mwenye uso wa upole, ambaye wote walimwita Mama Pacha kwa sababu ya watoto wake wawili wa kiume. Watoto amewaacha kwa mama yake. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza, na njia nzima alikuwa akitabasamu dirishani kama mtu aliyetoroka.

Chini ya mlima walitandaza turubai, wakamwaga vitu vyote vya pamoja: chakula, masufuria, jiko la mafuta ya taa, mablanketi, magodoro ya sponji yaliyokunjwa, mahema. Desturi yao ni kugawana. Mwalimu akasema kila safari hapo ndipo panapozuka ugomvi, huyu kapewa kingi, yule kidogo, lakini leo Mungu kawaletea mtaalamu. Agawe yeye, na neno lake liwe la mwisho. Wakakaa pembeni kwenye nyasi wakafungua chupa ya chai, wakamwachia.

Aliinua kimoja kimoja. Mikono yake ilijua kila kitu, ndiyo maana hana cha kusingizia. Kisha akatupa jicho juu, akaona ile njia ilivyosimama, na mgongo ukamjibu papo hapo. Akawaza kwamba atakwama nusu ya njia, atapakuliwa mzigo kama punda mzee, na kinyozi atakuwa na hadithi ya mwaka mzima. Wala hakuwaza kusema, "Jamani, mgongo wangu mbovu." Maneno manne. Yangemtoa jasho kuliko mlima.

Basi akafanya hivi. Begi lake alilijaza sponji, mablanketi, mikate na mifuko ya plastiki, mpaka likampita kichwa kwa urefu, likawa kama nyumba. Mwalimu na kinyozi akawapa mizigo ya haki. Na begi la Mama Pacha, dogo, limekaa vizuri, la kupendeza machoni, akalipakia mchele, sukari, makopo, dumu la mafuta na lile jiko la chuma. Alijiambia kwamba Mama Pacha ndiye mwenye umri mdogo kuliko wote. Alijiambia pia kwamba mafundi wa mapazia wana mikono imara, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema duniani. Akamwegeshea begi kwenye jiwe, akamwonyesha namna ya kuingiza mikono na kusimama nalo. Mama Pacha aliyumba kidogo, akashika mti, akacheka. Alidhani ndivyo mabegi ya safari yalivyo, kwa kuwa hajawahi kubeba jingine.

Kinyozi alipomwona Mzee wa Mizani chini ya ile nyumba yake, alivua kofia. Akamsifu kweli kweli. Akasema wamepata mwanamume, siyo hawa wa kupima maneno. Na bwana wetu, mbona tusimseme, alivimba kichwa. Kwa mwendo wa saa nzima alivimba, anatembea mbele na Mwalimu, mzigo wake unacheza mgongoni kama mto wa kulalia.

Ila nyuma kulikuwa na mtu. Kila wakisimama, walimngoja Mama Pacha. Alikuja polepole, mdomo wazi, mikono imeshika kamba za begi kifuani, na kila akifika alisema samahani. Kinyozi akaanza utani wake. Alimwuliza kama kibegi kile ni cha shule ya watoto wake. Alimwambia amtazame mzee, mwenzake kabeba kijiji kizima na hata kupumua hapumui. Mama Pacha alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alitabasamu. Mara ya tatu alitazama chini, na Mzee wa Mizani aliyakuta macho yake yakihama kutoka kwenye lile begi kubwa kwenda kwenye kibegi chake mwenyewe, yakipima, yakishindwa kuelewa.

Hapo aibu ikaanza kumla. Kila walipopumzika alipewa jiwe zuri la kukalia. Kila chupa ya maji ilianza kwake. Mwalimu alimsogezea chungwa, akamwambia ale, aliyebeba zaidi ale kwanza. Alilimeza lile chungwa kama dawa. Mara mbili alifungua mdomo kusema wabadilishane, na mara mbili akakumbuka kwamba atakayelipokea begi lake ataliinua, na akiliinua tu yameisha. Kumbe ndivyo uongo wa namna hii ulivyo, unaubeba mwenyewe mgongoni, kila mtu anauona, na huwezi kuutua.

Walifika juu jua likielekea kuzama. Mama Pacha alipovua begi, Mwalimu alimvuta kando akamtazama mabega, akarudi akitafuta mafuta ya kupaka. Ngozi imechubuka, alisema, wageni huwa hivyo. Wakapika, wakala, kinyozi akaongea kwa niaba ya wote. Kisha Mama Pacha akakusanya masufuria kwenda kuosha kijitoni, na Mzee wa Mizani akainuka kumsaidia. Alijiambia kwamba anakwenda kusema. Alikuwa ameshayapanga maneno.

Mama Pacha akamtangulia kusema. Alisugua sufuria kwa mchanga, hakumtazama, akasema, "Kaka, nikuulize. Wewe umezoea watu wa mizigo. Mtu mzima akishindwa na kibegi kama kile, ni kawaida?"

Alijibu kwamba mlima ni mlima.

"Siyo mlima," akasema Mama Pacha. "Mwaka jana nilipasuliwa. Sikutaka watu wajue, nikiambiwa pole nachanganyikiwa. Daktari akasema nimepona, lakini nisikilize mwili, uchovu ukirudi nirudi kwake haraka. Ndiyo maana nimekuja huku. Nilitaka nijione." Akageuza sufuria, akalisugua tena mahali palepale palipokwisha takata. "Leo nimejiona. Ule uchovu naujua, kaka. Ulianza hivihivi. Kinyozi anatania, ila anasema kweli."

Hapo. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Mtu mmoja tu mbele yake, kijito kinapiga kelele za kuficha sauti, giza linaingia la kumficha uso. Na maneno yenyewe alikuwa nayo, yamepangwa. Lakini akamsikia kinyozi kule juu akicheka, akaiona saluni, wateja wawili vitini na watatu kwenye benchi, wote wakisikiliza habari za mzee aliyebeba sponji. Akajikohoza. Akasema, "Utalala, asubuhi utakuwa sawa." Akachukua masufuria akapanda nayo, na ingekuwa kuna njia ya mtu kujitemea mate usoni mwenyewe, angejitemea.

Hakulala. Kwenye hema la pili alimsikia Mama Pacha akigeuka, akitulia, akigeuka tena.

Alfajiri, wenzake wakiwa bado wamejifunika, alipata wazo, na wazo la mtu mwenye haya ni la kuogopwa, maana siku zote linatafuta mlango wa nyuma. Alifungua mabegi mawili taratibu. Jiko, dumu, makopo yaliyobaki, sukari, vyote akavihamishia kwake, akaongeza na masufuria kwa adhabu yake mwenyewe. Sponji na mablanketi machache yaliyoingia akamtilia Mama Pacha, mengine akayafunga juu ya begi lake ili lionekane kama jana. Atashuka mwepesi, alijiambia, atajiona mzima, hofu itamtoka, na hakuna atakayejua. Alifunga kamba akiwa karibu na furaha. Alijiona mtu mwema.

Njia ya kushuka Mama Pacha alitembea vizuri tu, mbele ya kinyozi, hajasema samahani hata mara moja. Mzee wa Mizani alimwangalia kwa nyuma, jasho likimtiririka machoni. Mgongo wake ulikuwa umeanza kunung'unika tangu kambini, na kwenye sehemu ya mawe, pale mtu anaposhuka kwa kuruka kidogo, uliacha kunung'unika ukapiga kelele. Alianguka kwa magoti, akabaki hivyo, kashika jiwe kwa mikono miwili, hawezi kusimama wala kukaa. Wenzake wakarudi mbio, Mwalimu akikanyaga breki yake kila hatua.

Kinyozi alimvua begi, akataka kulisogeza kando kwa mkono mmoja, halikusogea. Akalitazama. Akalishika kwa mikono miwili, akauliza mzee kaweka nini humu, mawe ya kujengea? Akafungua. Jiko likatoka, likafuata dumu, yakafuata makopo. Mwalimu akavitazama akasema hivi jana vilikuwa kwa Mama Pacha.

Wakajumlisha, wakapata jibu baya kuliko ukweli.

Kinyozi alishindwa kuongea, na hilo peke yake lilikuwa habari. Kisha akampigapiga bega taratibu, sauti imelegea. Akasema yeye ana mdomo mbaya, jana kutwa anamtania mwenzake, kumbe mwenye moyo alikuwa anaangalia kimya, akaamka gizani akajitwisha mzigo wa mwenzake juu ya wake, na mgongo umekatika kwa ajili hiyo. Mwalimu akasema mtu wa namna hii hajakutana naye. Mzee wa Mizani alikuwa amefumba macho. Alitamani ardhi ipasuke, immeze, ijifunike.

Alipoyafumbua, Mama Pacha alikuwa amechuchumaa mbele yake. Alitegemea kuona shukrani. Haikuwapo. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Kumbe uliona," alisema kwa sauti ya chini. "Nilijipa moyo kwamba nimekuza mambo. Kumbe hata wewe, mtu wa kunijua jana, uliona ninaumwa. Mpaka ukaninyang'anya mzigo nisijue." Akamkazia macho. "Niambie ukweli, kaka. Naonekana vibaya kiasi hicho?"

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Wote watatu walikuwa wanamtazama, na mapenzi yalikuwa bado yamo machoni mwao, yale aliyoyatamani Jumamosi zote za mashati. Aliyatazama mara moja, kwa sababu alijua hatayaona tena.

"Huumwi," alisema. "Sikiliza, Mama Pacha. Huumwi. Jana nilikupakia wewe mzigo mzito kuliko wa mtu yeyote. Nilijua. Nilivipima kwa mkono, nikajua, nikakupa. Langu lile kubwa lilikuwa sponji na mikate. Mgongo wangu mbovu tangu zamani, nikaona haya kusema."

Kinyozi aliondoa mkono wake begani.

"Mzito kiasi gani?" akauliza Mama Pacha.

"Zaidi ya nusu mfuko wa saruji."

"Na lako?"

"Mtoto angelibeba."

"Nikapanda nalo mpaka juu."

"Ukapanda nalo mpaka juu. Wapagazi wangu wapo ambao wangelitua njiani."

Alibaki amechuchumaa, anamtazama, midomo ikitembea kama anayerudia hesabu ya kitambaa. Kitu kililegea usoni mwake, kikaja karibu na kicheko, halafu hakikuwa kicheko. Akasimama.

"Jana usiku nilikuwa nawagawa wanangu," alisema. "Huyu akae na mama, mama amezeeka. Huyu aende kwa mjomba wake. Nikasema hapana, mapacha hawatenganishwi. Nikaanza upya. Kutwa nzima uliniona, na kijitoni nikakwambia kwa mdomo wangu. Ukaniambia nilale."

Alisema nisamehe, likatoka kama pumzi, na sidhani kama yeye mwenyewe alilisikia.

Mama Pacha alivua begi lake la sponji akalitupa miguuni kwake. Akarudisha jiko, dumu na makopo kwenye lile begi kubwa, akakaa chini, akaingiza mikono kwenye kamba. Kinyozi akasogea ampokee, akamkatalia. Mzee wa Mizani, kwa mazoea tu, alinyoosha mkono kumwegemeza.

"Usilishike," akasema.

Akasimama nalo, safari hii bila kuyumba, akaanza kushuka kwenye yale mawe peke yake mbele. Mwalimu akaokota sponji akamfuata. Kinyozi akabaki, kwa kuwa lazima mtu abaki. Akamtia mzee mkono kwapani, akamteremsha hatua kwa hatua kama mgonjwa wa hospitali, akimwonyesha kwa kidole pa kukanyaga. Hakumtania. Hakumsuta. Njia nzima mpaka barabarani hakufungua mdomo, na Mzee wa Mizani angetoa chochote asikie hata tusi moja.

Walimlaza kiti cha nyuma, amekunja magoti, kinyozi amejibana pembeni anatazama nje. Mama Pacha alikaa mbele na Mwalimu. Gari lilipoingia mahali penye mtandao, simu yake ilianza kulia na kulia, akaipokea, na sauti ya mwanamke mzee ikasikika ikiuliza mambo matatu kwa pamoja.

"Mama, mimi mzima," alisema. "Mzima kabisa. Hapana, sikuanguka. Nimebeba zigo, mama, zigo la wanaume, nimepanda nalo mpaka kileleni. Waulize wenzangu, wako hapa." Alikuwa akicheka na machozi yanamwagika, anayafuta kwa kiganja, mengine yanamponyoka. "Waambie wanangu nakuja. Waambie mama yao ana nguvu."

Mzee wa Mizani alisikia yote. Ilikuwa habari njema kuliko yoyote aliyoisikia kwa miaka, na ndani ya gari lile yeye ndiye aliyekuwa na haki ndogo zaidi ya kuifurahia. Akageuzia uso kwenye mgongo wa kiti, akaomba Mama Pacha asigeuke nyuma kumtazama. Hakugeuka.